Fungu Zima la Nukunonu

Nukunonu, 4 Februari 2013

Mwanangu Luhiano,

Pokea salamu za shangazi yako Alosia na za nyumba nzima. Sisi hatujambo. Binamu yako Mele amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, na tayari analia kuliko kengele ya kanisa. Timu ya upande wetu ilishinda kriketi siku ya mwaka mpya, na wa upande wa pili mpaka leo wanasema mpira ulipotelea kwenye zizi la nguruwe kwa makusudi. Mashelisheli ni mengi mwaka huu. Bamvua ya mwezi uliopita iliingia kwenye mashimo mawili ya pulaka, yale magimbi yetu, na kuyaharibu, mengine ni ya kawaida.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Unajua baada ya kustaafu ualimu wazee wa baraza walinikabidhi ile mashine ya gatini inayopima kupanda na kushuka kwa maji. Inapima kila dakika sita toka mwaka 2009, na yote yako kwenye kompyuta ya shule. Lakini mafaili yake hayafunguki kwa programu ya kawaida. Yanahitaji maktaba maalumu ya programu, ile ile ambayo wewe na wenzako mnaitengeneza na kuigawa bure. Nikajisemea, afadhali, mtoto wetu ndiye fundi.

Nimejaribu kuisakinisha wiki tatu. Ikianza tu, inakwenda kwenye intaneti kuvuta vitu vingine kumi na viwili inavyovitegemea. Setilaiti yetu unaijua. Ikifika kitu cha saba mtandao unakatika, na inaanza upya kana kwamba hatujawahi kuonana.

Tarehe 20 Agosti wahandisi wa ukuta wa kuzuia bahari wanakuja kukamilisha michoro. Wametumia vipimo vya kisiwa jirani, kwa sababu vyetu hakuna aliyeweza kuvisoma. Kwa vipimo hivyo, maji hayapandi kamwe upande wa ndani, ule wa maji yaliyozungukwa na kisiwa, kwa hiyo ukuta unaishia kanisani na upande wa ndani unabaki wazi. Tusipowaonyesha namba zetu siku hiyo, watajenga hivyo hivyo. Tufanyeje?

Shangazi yako,
Alosia


Hobart, 12 Machi 2013

Shikamoo shangazi,

Barua yako ilinifikia jana, imepigwa mihuri mpaka haina mahali peupe. Nimefurahi kusikia habari za Mele. Mimi mzima. Hapa wanachuma matufaa na asubuhi kumeanza kuwa na baridi. Kazi ni nyingi.

Shangazi, usihangaike na mtandao tena. Humu ndani nimeweka flashi yenye maktaba yenyewe, toleo jipya kabisa, na karatasi ya maelekezo niliyoiandika mwenyewe. Ifungue, fuata hatua tano, utaona ilivyo rahisi. Hivyo vingine inavyovitegemea ni vya kawaida tu, karibu kila kompyuta inavyo.

Wasalimie wote.

Luhiano


Nukunonu, 9 Aprili 2013

Luhiano,

Salamu. Wote wazima. Mtoto wa Mele amebatizwa Sulata. Mzee Petelo ameanguka kwenye ngazi akishusha nazi, hakuvunjika kitu, amevunja ngazi tu.

Umeniletea kichwa cha samaki, mwanangu. Flashi imefika, nimefuata hatua zako, na kwenye hatua ya tatu maktaba yako ikaniambia: sina hiki, sina kile, nenda intaneti ukavitafute. Ni vile vile kumi na viwili. "Karibu kila kompyuta inavyo." Kompyuta gani hiyo? Yetu ilikuja na meli wakati wewe bado unanyoa ndevu za kwanza.

Umekaa huko mpaka umesahau inati. Acha nikukumbushe, mimi ndiye niliyekuwa nikikutuma na kikapu. Wavuvi wakirudi, samaki wote wanashushwa pale mahali pa kugawia. Wagawaji wanahesabu nyumba, wanahesabu vichwa, hata kitoto cha jana kinahesabiwa. Kila nyumba inawekewa fungu lake zima, chini, mbele ya macho. Umewahi kusikia mgawaji akimwambia mama mwenye kikapu, "Hiki kichwa, mkia wako uko Apia kwa Wasamoa, kaufuate"? Siku atakayosema hivyo ataoga kwa maji ya chumvi na nguo zake.

Basi niwekee fungu zima. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kila kitu kilichobandikwa chini ya kompyuta, namba zote, na kinachoonekana ikiwashwa. Tengeneza kwa ajili ya hii. Usitengeneze kwa ajili ya kompyuta uliyoiota.

Aprili inakatika. Meli haijui kama tuna haraka.

Alosia


Hobart, 20 Mei 2013

Shikamoo shangazi,

Nilisoma barua yako ofisini nikacheka peke yangu mpaka Bronwyn, tunayefanya naye kazi, akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza inati. Akasema, "Kwa hiyo sisi miaka yote hii tunagawa vichwa."

Haikuwa rahisi kuwashawishi wengine. Tuko wanne tunaoitunza maktaba hii, na mmoja aliniuliza nani siku hizi hana intaneti. Nikampa barua yako aione mihuri. Sijui alielewa nini, lakini hakuuliza tena.

Nimefanya hivi. Nimetafuta kwenye duka la vitu vikuukuu kompyuta ya aina ile ile ya shule, nimeipata, ina herufi tatu zisizobonyezeka. Nimezima mtandao wake kabisa. Kisha nimefunga kifurushi kimoja chenye kila kitu: maktaba, vile kumi na viwili, na vitu vingine vinne ambavyo hata mimi sikujua kwamba vile kumi na viwili vinavitegemea. Vyote vimetengenezwa kwa kompyuta ya umri huo. Nimekisakinisha na kukifuta mara tisa.

Mwishoni kifurushi kinajijaribu chenyewe, majaribio 214. Kinasoma faili la mfano, kinahesabu, kinalinganisha na majibu sahihi. Likifeli hata moja kinajiondoa chote, ili mtu asije akatumia kitu kibovu bila kujua. Hapa yote 214 yamepita, kila mara.

Shangazi, kwenye barua ya kwanza ulisema bamvua iliingia kwenye mashimo ya pulaka, "mengine ni ya kawaida". Mashimo yale hayako karibu na maji. Ilifika wapi kwingine?

Luhiano


Nukunonu, 18 Juni 2013

Mwanangu Luhiano,

Salamu za wote. Sulata ameota jino. Tumekuwa na siku tatu za jodari, inati mbili kwa siku, mpaka mbwa wanachagua.

Fungu lako limefika zima. Nilikaa mbele ya kompyuta na Mele nyuma yangu, akinyonyesha na kunisomea maelekezo. Hatua ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Halafu yakaanza yale majaribio, moja, mbili, mia moja, mia mbili, tumeshikana mikono. Kufika mwisho kikaandika kwamba 213 yamepita na moja limefeli, kikajiondoa chote. Mele alisema neno ambalo sitaliandika.

Nilirudia mara nne. Lile lile. Nimenakili kilichoandikwa, herufi kwa herufi: "Desemba 2011: zilitarajiwa siku 31, zimepatikana 30."

Luhiano, kompyuta yetu ina akili kuliko nyie wanne. Saa yake imewekwa kwa majira ya kwetu, na kwetu Desemba ile ilikuwa na siku thelathini. Umesahau? Tulihama upande wa mstari wa tarehe pamoja na Wasamoa. Tulilala Alhamisi tarehe 29, tukaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa hatukuwa nayo. Wavuvi waliuliza baraza kama watapewa na fungu la Ijumaa, wakafukuzwa. Sasa nyie mkakaa huko Hobart, mkaandika kwamba kila Desemba duniani ina siku thelathini na moja, na aliyewauliza hakuna.

Ningeweza kuidanganya kompyuta kwamba iko Hobart, ikapita. Nilifikiria, nakwambia kweli. Lakini nikaona vipimo vyote vya baada ya hapo vitasogea, na bamvua zetu hazitalingana na mwezi. Wahandisi wana macho. Wakikuta kosa moja hawataamini na mengine.

Ule mwisho wa mwaka naukumbuka vizuri. Hayo tuyaache.

Umeuliza maji yalifika wapi. Yalifika pale yalipofika. Wewe rekebisha, imebaki miezi miwili.

Alosia


Hobart, 16 Julai 2013

Shikamoo shangazi,

Barua hii nimeianza mara tano. Nianze na la kazi, ambalo ni jepesi.

Ulikuwa sahihi na sisi tulikosea. Na kosa halikuwa kwenye jaribio tu. Maktaba yenyewe, ikikuta siku imekosekana, ilikuwa inaweka siku tupu mahali pake na kusukuma vipimo vyote mbele. Kwa mtu wa Hobart au wa Perth haina athari, kwa sababu kwao haijatokea. Kwenu, kila namba ya baada ya 2011 ingekuwa imesogea siku nzima. Mwenzetu mmoja alisema tulifute lile jaribio moja, kifurushi kitapita. Nikakataa, na Bronwyn akakataa kwa sauti kubwa kuliko yangu. Tumerekebisha kutoka mzizi. Nimeiweka kompyuta kuukuu kwenye majira yenu na yote 214 yamepita. Kwenye orodha ya waliosahihisha toleo hili nimeandika jina lako, Alosia wa Nukunonu. Flashi imo humu, na nyingine ya akiba.

Sasa la pili. Siku niliposoma barua yako, niliposhuka kwenye mstari wa Alhamisi na Jumamosi, nilitoka ofisini nikaenda kukaa gatini.

Mele aliwahi kunitumia picha ya msalaba wa baba. Umeandikwa kwa mkono wako: Hakopo, amefariki 29, amezikwa 31 Desemba 2011. Kwetu maiti hakai siku mbili. Analala usiku mmoja, asubuhi anazikwa. Mliponipigia simu nilisema nipeni dakika chache, nitapiga, niseme neno langu la kumuaga kabla hajafunikwa. Nilikaa kitini nikashindwa. Usiku na mchana vikanichanganyikia. Nilipopiga Jumamosi mchana mkawa mmeshamaliza. Halafu nikaona ile picha, nikajua mmemweka siku nzima ya ziada mkingoja simu yangu, kijiji kizima kimekaa, na mwanawe wa pekee hakupiga.

Kwa aibu hiyo sijaja, shangazi. Si nauli, si kazi. Miezi kumi na nane natengeneza kitu cha kusoma tarehe, na tarehe ile moja sikuwahi kuihesabu.

Niambie kama nimehesabu vizuri safari hii: Alhamisi, halafu Jumamosi, usiku mmoja. Sitaki kujidanganya.

Mwanao,
Luhiano


Nukunonu, 27 Agosti 2013

Luhiano mwanangu,

Nakuandikia sauti imenikauka, maana tumeimba siku tatu. Wote wazima. Sulata anatambaa na amekula karatasi yako ya maelekezo, hatua ya kwanza na ya pili. Haina neno, tunazijua kwa moyo.

Meli ilifika tarehe 17, siku tatu kabla ya wahandisi. Sikungoja mzigo ushushwe. Nilimwambia nahodha mimi ni mwalimu wake wa hesabu, anipe bahasha yangu, akanipa. Shuleni walikuwa wamejaa. Baraza zima lilikuja, na akina mama wakaacha kusuka mikeka. Mele akasoma kwa kichwa, mimi nikabonyeza. Ilipofika mia mbili wote wakasogea karibu na kioo. Mia mbili na kumi na tatu. Halafu mia mbili na kumi na nne, na chini yake ikaandika: imesakinishwa. Mzee Petelo, ambaye hajui kompyuta inawashwa wapi, alipiga kelele mpaka watoto wakakimbilia nje. Mimi nililia, nakwambia bila kuficha. Miezi saba nimeililia hiyo.

Jioni hiyo tulifungua miaka minne ya maji yetu. Nikachukua daftari langu la mwezi na bamvua, nikalinganisha siku kwa siku, kabla ya ile Ijumaa na baada yake. Zinakaa, mwanangu. Hakuna hata moja iliyosogea.

Wahandisi walikuja na michoro yao imekunjwa vizuri. Mkubwa wao ni kijana mpole, akasema, "Mama, tuna uhakika upande wa ndani haupandi." Nikamwambia, "Kaa hapa." Nikamwonyesha mchoro wetu, bamvua kumi na moja zilizopanda upande wa ndani, na tarehe zake. Akauliza nani amesoma data hizi. Nikasema mimi. Akauliza kwa programu gani. Nikamtajia. Akasema, "Hiyo hiyo tunayotumia sisi." Akajaribu tarehe tatu kwenye kompyuta yake mwenyewe, na baraza zima limesimama nyuma ya mgongo wake. Zikatoka namba zile zile. Akaikunja ile michoro ya zamani akaiweka chini ya kiti.

Ukuta hauishii kanisani tena. Unazunguka upande wa ndani mpaka makaburini na kuyapita. Ameuchora palepale na baraza limeweka sahihi.

Sasa nikujibu uliloniuliza nikakwepa. Januari maji yalifika kwenye kaburi la kaka yangu, baba yako. Yalisimama hapo mpaka kupwa kwa maji, na msalaba ukalala. Niliusimamisha mwenyewe, nikarudishia mchanga kwa ndoo. Sikutaka ujue. Nilidhani humuulizii kwa sababu umemsahau, na nikasema siwezi kumpa habari hiyo mtu aliyesahau. Nilikukosea. Nisamehe.

Flashi ya akiba imeondoka na meli kwenda kisiwa cha Atafu, na watainakili kabla ya kuipeleka kisiwa cha Fakaofo. Nyumba tatu, mafungu matatu. Nimewaandikia hatua kwa mkono wangu, na nimewaambia wasiogope Desemba.

Na hesabu yako ni sahihi. Nimeisahihisha kama nilivyokuwa nikiisahihisha ulipokuwa darasa la nne, na safari hii sikukuta kosa. Kaka alikata roho Alhamisi jua likizama, tukakupigia muda huo huo. Akalala usiku mmoja, na mimi nilikaa kichwani pake usiku huo. Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Tukamzika asubuhi hiyo, kama tunavyomzika kila mtu. Hakuna aliyekaa akikungoja, Luhiano. Siku unayojilaumu haikuwepo.

Neno lako bado hujalisema. Meli inatoka Apia tarehe 24 Oktoba, nimeshamwambia nahodha. Njoo ulisemee pale. Sasa pakavu.

Shangazi yako,
Alosia